Acheni Kumulikiana Taa, Njooni Ofisini

Hotuba ya askari wa Kikosi cha Usalama Barabarani kwa madereva, waendesha bodaboda, wazazi na walimu, Moshi, kuelekea msimu wa sikukuu

Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, viongozi wetu wa dini, walimu, wazee wangu, kina mama, na ninyi vijana wa vijiwe mlioacha abiria ili mje kusikiliza: itifaki imezingatiwa. Wazee, shikamooni. Bwana asifiwe. Asalaam aleikum.

Nashukuru kwa kuitwa. Mimi na ninyi tumezoea kukutana barabarani, mimi nimesimama na sare nyeupe, wewe umeshusha kioo, na kila mmoja ana haraka ya kumalizana na mwenzake. Ofisini kwetu wanaokuja kwa hiari ni wachache. Wengi huletwa na kosa au na msiba. Nimeomba muda leo kwa sababu pale ofisini kuna kazi tunazofanya ambazo ni haki yenu, na kutozijua kunawagharimu watu wa mkoa huu fedha, ada za watoto, na wakati mwingine uhai.

Lakini tuanzie barabarani, tunapofahamiana.

Ukitoka Moshi kwenda Arusha, ukavuka Weruweru, ukawa unakaribia Kikavu, gari linalotoka mbele likikumulikia taa mara mbili unajua tayari. Trafiki wako mbele na tochi ya kupimia mwendo. Unapunguza mwendo, unavuta mkanda, konda anakaa kwenye kiti. Unatupita kwa 50, wengine hata salamu wanatoa. Ukishapinda kona, mguu unarudi kwenye mafuta kama kawaida.

Wanaomulikiana taa wanafanya hivyo kwa wema, naelewa. Mtu anamwokoa mwenzake na faini ya shilingi 30,000. Ila mfikirie anayesubiri kuvuka baada ya ile kona. Yeye hakumulikiwa taa na mtu. Ni mtoto wa darasa la pili wa pale Kwa Sadala, au mama mwenye ndoo ya ndizi kichwani, na gari linamjia kwa mwendo uleule ambao ulifichwa kwangu dakika mbili zilizopita. Mmeniokoa mimi nisiandike karatasi. Yule mtoto hamkumwokoa.

Kwa nini tunang'ang'ania 50 kwenye makazi ya watu? Hebu tufanye hesabu pamoja, wanafunzi waliopo watanisaidia. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kwa sekunde. Dereva akimwona mtoto, sekunde nzima hupita kabla mguu haujakanyaga breki. Mita 14 zimekwenda bila breki. Kwenye lami kavu, gari zima, matairi mazuri, anahitaji kama mita 14 nyingine kusimama. Jumla 28. Sasa mchukue wa 80. Sekunde ile moja tu imemla mita 22, na breki zinahitaji mita 36 juu yake. Jumla 58. Mtoto akiingia barabarani mita 35 mbele ya magari haya mawili, wa 50 anasimama, anashuka, anamgombeza mtoto na kumrudisha kwa mama yake. Wa 80 anamfikia akiwa bado kwenye kilomita 60 na zaidi kwa saa. Na Shirika la Afya Duniani linatuambia kwamba mwendo wa kumgonga mtembea kwa miguu ukitoka 50 kufika 65, hatari ya kumuua inaongezeka mara nne na nusu. Uzoefu wa miaka 20 kwenye usukani haubadilishi hesabu hii hata kwa mita moja. Mvua inaibadilisha, na inaibadilisha kwa ubaya.

Basi tuingie ofisini.

Ajali ikitokea, sisi tukiitwa, kuna karatasi zinazoanza kuzaliwa palepale. Askari anachora ramani ya eneo: gari lilikuwa wapi, alama za breki zinaanzia wapi, mtu aliangukia wapi. Kuna PF3, fomu ambayo daktari anajaza majeraha aliyoyaona na kuirudisha kuwa ushahidi. Kuna PF90 inayohusu taarifa ya ajali yenyewe, kuna PF93 ya ukaguzi wa gari lililopata ajali, breki zake na usukani wake na matairi yake, na mwisho wa upelelezi kuna PF115. Msisumbuke kukariri namba hizi. Kumbukeni tu kwamba bila hizo, mbele ya bima na mbele ya mahakama ajali yenu haikutokea.

Nasema hivi nikiwa na mama mmoja kichwani, sitamtaja wala kijiji chake. Mumewe aligongwa na gari akitembea pembeni ya barabara jioni. Dereva hakukimbia, na kwa hilo nampa heshima. Alimpeleka hospitali, akalipa dawa, akarudi na wazee wake wakakaa na familia, wakasema tumeyamaliza kifamilia, polisi hawana haja ya kuingia. Mgonjwa akarudishwa nyumbani. Baada ya wiki kadhaa kichwa kikamzidia, akafariki. Dereva akaja msibani, akachangia jeneza na mchele, familia ikamsamehe mbele ya mchungaji. Mwaka uliofuata yule mama akaja ofisini kwetu na watoto wawili, ada hakuna, akauliza kama kuna msaada wowote anaoweza kupata. Nikamuuliza namba ya gari. Hakuwa nayo. Hakuna ramani, hakuna PF3, hakuna jalada. Gari lilikuwa limeshauzwa mkoa mwingine.

Lile gari lilikuwa barabarani, na sheria yetu inataka kila gari lililo barabarani liwe na bima, angalau ile ndogo tunayoiita ya mtu wa tatu. Watu wengi wanaijua ile stika kwa sababu tunawakamata nayo. Mwenye gari anaiona kama kodi nyingine ya serikali. Huyo mtu wa tatu anayetajwa pale ni nani? Ni wewe uliyegongwa ukitembea. Ni yule mjane. Bima ile ipo ili aliyeumizwa, au familia ya aliyekufa, ipate fidia kutoka kwa kampuni ya bima, hata kama dereva mwenyewe hana shilingi mfukoni.

Nisikilizeni hapa, wazee, kwa sababu ninyi ndio mnaokalia vikao hivi. Kumsamehe dereva ni jambo jema, ni desturi yetu, na imani zetu zinatufundisha hivyo. Msameheni. Lakini kusamehe hakuzuii kuripoti, na kudai bima si kumdai dereva. Kampuni ilishachukua fedha kwa ajili ya siku kama hiyo. Kikao cha kifamilia kikiamua ajali isifike polisi, kimemnyima mjane kitu ambacho hakikuwa cha dereva wala cha wazee kukitoa. Shilingi 50,000 ya dawa na mkungu wa ndizi haviwezi kusomesha watoto mpaka kidato cha nne.

Kwa hiyo ukifika kwenye ajali, au ikikukuta, kwanza majeruhi. Mwahisheni hospitali, Mawenzi au KCMC au zahanati iliyo karibu, PF3 itafuatwa na ndugu mwingine wakati yeye anatibiwa. Msimnyanyue kwa kuvutana mikono na miguu, shingo ikiwa imeumia mnaweza kummaliza ninyi wenyewe, na kofia ya pikipiki msiivue kwa nguvu. Pigeni 112. Pigeni picha ya namba ya gari na stika kabla magari hayajasogezwa. Siku hizi bima inaangaliwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa simu, unaingiza namba ya gari, unaona kama iko hai au ni karatasi tu iliyobandikwa. Na wewe dereva, ukihofia hasira za watu, usitokomee. Nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ujisalimishe. Aliyefika kituoni mwenyewe na aliyekutwa amejificha hatuwaandikii maelezo ya aina moja.

Jambo moja la haraka kabla sijatoka kwenye ajali. Lori la mafuta likianguka, kimbieni mbali nalo. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, zaidi ya watu 100 walikufa lori lilipolipuka, wengi wakiwa wamekwenda na madumu kuchota mafuta. Madumu yabaki nyumbani.

Sasa vijana wangu wa bodaboda. Nimewaona mmekaa nyuma kule karibu na njia ya kutokea, hamna haja ya kujiandaa, leo sikamati mtu.

Ninajua kazi yenu. Pikipiki nyingi zilizoegeshwa nje si za wanaoziendesha. Kuna bosi, kuna hesabu ya kila siku, na wengine mko kwenye mkataba, ukimaliza kulipa chombo kinakuwa chako. Saa 2 usiku hesabu haijatimia, anatokea mteja na wenzake wawili, wanasema tupakie wote mishkaki, tunakupa mara mbili. Nani atakataa? Ninaelewa kabisa shinikizo hilo, na bado nawaomba mkatae. Breki ya pikipiki ile imetengenezwa kwa ajili ya dereva na abiria mmoja. Mkiwa wanne kwenye mteremko wa kutoka Kibosho, chombo hakisimami pale unapotaka kisimame.

Wodi za mifupa na za majeraha ya kichwa pale KCMC madaktari wake wanawajua kwa majina ya vijiwe vyenu. Waliochunguza majeraha ya kichwa yanayofika pale wamekuta kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza, na pikipiki iko mbele. Mtu anapasuliwa, anapona, anarudi nyumbani, lakini hakumbuki jina la mtoto wake, au anakuwa na hasira ambayo hakuwa nayo. Mke anaishi na mtu mwingine kabisa. Familia nyingi hapa zinaye mtu wa namna hiyo, hazisemi tu.

Kofia ngumu ikivaliwa na kufungwa kamba chini ya kidevu inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hakuna dawa ya hospitali itakayokupa namba hizo baada ya kuanguka. Nasisitiza kamba, kwa sababu naona kofia zimewekwa kichwani kama kofia ya kanisani, upepo ukija zinavuliwa. Na kofia ya pili? Iko wapi? Imefungwa kwenye keria inazunguka mji mzima bila kichwa ndani. Ukimuuliza kijana anasema abiria hawataki. Dada zangu, nywele zimesukwa jana na kofia inanuka, nimewasikia. Bebeni kitambaa chenu kwenye pochi, funga kichwa, vaa kofia juu yake. Na ninyi vijana zianikeni juani, zifuteni. Abiria hawezi kuvaa kitu ambacho wewe mwenyewe usingekiweka usoni.

Serikali iliwasikia kwenye faini. Katika bajeti ya mwaka 2021/22, faini ya pikipiki na bajaji ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000. Lililobaki sasa ni leseni. Hapa nina wasiwasi, kwa sababu wengi mlijifunza jioni moja kwenye uwanja wa shule, kesho yake mkapakia mtu. Leseni ya gari haikuruhusu kuendesha pikipiki, kila chombo kina daraja lake. Njia yenyewe haina siri: soma kwenye chuo kinachotambulika, chukua leseni ya kujifunzia, njoo tukupime, ukifaulu tunakupa cheti na TRA wanakutengenezea leseni inayodumu miaka 5. Njooni kwa makundi, kijiwe kizima. Mkiandika barua kupitia mwenyekiti wenu, tunawapangia askari wa kuwafundisha sheria na alama mahali mlipo, bila malipo. Nimeshawaona vijana waliopita mafunzo hayo wakianza kupishana kwa adabu pale mzunguko wa YMCA, na nilifurahi kuliko siku ya mshahara.

Na wenye pikipiki, mabosi mliokaa mbele huku kwa heshima: kijana wako akiugua anampa chombo deiwaka, dereva wa kushikilia kwa muda. Wewe humjui huyo deiwaka, hujaona leseni yake, na bima uliyokata ni ya matumizi binafsi wakati chombo kinabeba abiria. Siku akimvunja mtu mguu, barua itakuja kwa mwenye jina kwenye kadi. Angalieni hilo kabla ya Jumatatu.

Kuhusu rushwa sitazunguka. Faini haipiti mkono kwa mkono. Inatoka kwenye mashine, ina namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu au benki, na deni lako unaliona kwenye mfumo. Askari akitaka umpe mkononi, hata kama ni mwenzangu, hata kama ni mkubwa wangu, chukua namba yake iliyo kwenye sare na piga TAKUKURU, 113, ni bure. Na dereva unayekunja noti ndani ya leseni kabla hujaulizwa, wewe pia unatenda kosa. Shilingi 2,000 uliyoitoa ili basi lenye tairi kipara lipite, inaondoka na abiria wote waliomo.

Nimetaja tairi, na hapa mtanivumilia, nitakaa kidogo.

Tarehe 28 Juni 2025, Sabasaba pale Same, mkoani kwetu, basi kubwa na Coaster vilikutana uso kwa uso, vikashika moto. Taarifa ya mwanzo ilitaja vifo 38. Iliripotiwa kwamba tairi la basi lilipasuka. Wengine wenu mlizika watu ambao hawakutambulika kwa sura. Mwaka mmoja na miezi kabla ya hapo, Februari 2024, kwa majirani zetu Ngaramtoni, barabara ya Arusha kwenda Namanga, lori lilikosa breki likayavaa magari mengine, watu 25 wakafa. Tairi na breki. Misiba yote miwili niliwasikia watu wakisema ajali haina kinga, ni mapenzi ya Mungu. Mimi ni muumini. Siwezi kumbebesha Mungu tairi lililozeeka au breki isiyokaguliwa, vitu ambavyo tumepewa macho na mikono ya kuviona.

Kila tairi limeandikwa umri wake, ni vile tu hatujui kusoma. Ubavuni tafuta herufi DOT, fuata mpaka mwisho utakuta tarakimu nne. Ikiwa ni 2319, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unakauka kwa jua na kwa muda hata likiwa limekaa stoo bila kutembea. Watengenezaji wengi wanashauri lianze kukaguliwa kila mwaka likishapita miaka 5, na likifika 10 litolewe hata kama linaonekana jipya. Sasa nendeni kwenye matairi ya mitumba mkasome hizo tarakimu, mtashangaa. Halafu mtu analijaza upepo kwa kukisia, anapakia kupita kiasi, anatoka Dar es Salaam saa 6 mchana kwenye joto la Mkata na Kabuku. Tairi la namna hiyo lina kila sababu ya kupasuka.

Na breki: wenye Fuso na semi, acheni kutoa gia kwenye mteremko ili kubana mafuta. Breki peke yake ikishikilia tani zile kwa kilomita nzima inachemka, na ikichemka haikamati tena. Teremka na gia ndogo, ile uliyopandia kilima ndiyo ya kushukia, injini isaidie kushika gari. Madereva wa zamani walilijua hili vizuri. Sijui lini limeanza kusahaulika, na linaniuma. Ukiharibikiwa, weka pembetatu mbali na gari. Majani ya miti tunayoyatandaza ni bora kuliko kuacha hivihivi, lakini usiku hayang'ai. Na mkishatengeneza, yale mawe mliyokingia tairi yaondoeni. Mawe yale yameua waendesha pikipiki wengi usiku, na aliyeyaacha hajui mpaka leo.

Njooni tuwakagulie magari. Hii ni huduma, haina shari. Mkuu wa shule ukitaka kupeleka wanafunzi Ngorongoro, Tarangire, au hata kwenye mahafali kijiji cha pili, tupigie siku kadhaa kabla. Tutaangalia gari, tutaangalia leseni na daraja la dereva, tutahesabu viti na watoto. Hakuna mzazi wa kaskazini hii aliyesahau tarehe 6 Mei 2017, pale Rhotia wilayani Karatu: wanafunzi 32 wa Lucky Vincent ya Arusha, walimu wao 2 na dereva, walikufa wakiwa njiani kwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema. Gari la wanafunzi nalikagua mara mbili tangu mwaka ule, na mwalimu akikasirika kwamba namchelewesha, namwacha akasirike. Wazazi nanyi mna haki ya kuuliza: gari gani, dereva nani, watoto wangapi. Shule nzuri haitachukia swali hilo.

Nimalizie na Desemba, maana ndiyo inayobisha hodi.

Ninyi mnajua mkoa huu unavyokuwa. Dar, Mwanza, Dodoma, Mbeya, kila mtu anapanda kwenda kuhesabiwa nyumbani. Marangu, Machame, Rombo, Kibosho, Old Moshi, Mwika, taa zinawaka kwenye nyumba zilizofungwa mwaka mzima. Ni wakati ninaoupenda kuliko wote, na ndio wakati ambao simu ya ofisi ikilia usiku sote tunanyamaza kwanza. Februari 2023 familia ilikuwa inaleta mwili wa ndugu yao kutoka Dar es Salaam kuja kuzika huku kwetu, usiku, Magila Gereza pale Korogwe, Coaster yao na Fuso zikakutana. Taarifa ya kwanza ilitaja vifo 17. Waliokuja kuzika mmoja.

Mtu anafanya kazi Ijumaa kutwa, jioni saa 12 anapakia familia anaanza safari. Kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 550. Aliamka saa 12 asubuhi, kwa hiyo saa 5 usiku, akiwa kwenye maeneo ya Korogwe au Mombo, amekaa macho saa 17. Wataalamu wamepima watu waliokaa macho muda huo wakakuta uwezo wao wa kuitikia hatari ni kama wa mtu mwenye miligramu 50 za kilevi katika mililita 100 za damu. Kikomo cha sheria yetu ni 80. Huyu baba hajaonja hata tone, na tayari amepita nusu ya njia ya ulevi, na mbele yake bado kuna Same, Mwanga na Himo gizani. Wapigieni simu ndugu zenu wiki hii. Waambieni walale Ijumaa, watoke Jumamosi asubuhi. Supu itawasubiri. Akisema hawezi, aje na wa kumpokea usukani. Wanaopanda mabasi ya usiku, tangu yaliporuhusiwa tena mwaka 2023, safari inayozidi saa 8 lazima iwe na madereva 2. Ulizeni dereva wa pili ni nani kabla basi halijaondoka stendi, na akianza kukimbiza, abiria msinyamaze kwa aibu, pigeni 112 mtaje namba ya basi na mahali mlipo. Tunazo njia za kulisubiri mbele.

Na wakishafika, kuna mbege na kuna chupa, kuna ubatizo na kipaimara na harusi tatu kwa siku moja. Barabara zetu za kupanda milimani ni nyembamba, kona juu ya kona, watoto wanacheza mlangoni. Kila ukoo uchague mtu mmoja wa kuendesha ambaye siku hiyo hanywi, mpeni nyama nzuri na heshima yake, na wengine wafurahi. Anayebeba abiria kwa malipo asionje kabisa. Wenye nyumba mna nafasi kubwa kuliko mimi: mgeni akiwa amezidiwa, chukua ufunguo, mtandikie kitanda. Mimi nina kipima ulevi kimoja na kona nyingi. Ninyi mko kwenye kila boma.

Kuanzia kesho saa 2 asubuhi tutakuwa tunakagua magari bila faini kwa yeyote anayekuja mwenyewe: matairi, breki, taa, mikanda. Kitu kibovu tutakuonyesha, utakwenda kwa fundi, utarudi tukithibitishe. Mkaguzi wenu wa polisi wa kata mnamjua, kama mnaona aibu kuja kwetu mwambieni yeye. Waliowahi kugongwa au kufiwa na hawajui jalada lao limefikia wapi, njooni na tarehe, mahali na namba ya gari kama mnayo, tutalitafuta pamoja.

Sasa maswali. Tuanze na yule mama mwenye kitenge cha bluu, ameinua mkono tangu nilipotaja bima.